Ndoto ya kuku 500 na banda ambalo halijajengwa

SWALI: Habari za kazi, washauri. Nina miaka 31, naishi Morogoro na nimeajiriwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Huu ni mwaka wa tatu nina ndoto ya kufuga kuku 500 wa mayai. Nimechora ramani ya banda, nimepata jina la biashara, na kila usiku naangalia video za wafugaji mpaka bando linaisha. Marafiki wameshazoea kuniita "Bosi wa Mayai". Lakini sina hata kuku mmoja. Akiba yangu ni shilingi 900,000, na kila mwezi naweza kuongeza 80,000. Nyuma ya nyumba ya mama kuna stoo ya mita 3 kwa 4 ambayo haitumiki. Dada yangu ananiambia niache kuota nifanye kazi. Rafiki yangu anasema nisiiachie ndoto, ndiyo itakayonivuta. Nimsikilize nani?

JIBU: Ndugu yetu, ndoto yako usiifute. Ila kwa jinsi unavyoiota sasa, inakula nguvu ambayo ungeitumia kuifanyia kazi. Jambo hili limepimwa, wala hatulisemi ili kukukemea.

Mwanasaikolojia Gabriele Oettingen amelichunguza kwa miaka mingi huko Ujerumani na Marekani. Katika utafiti alioutoa mwaka 1991 pamoja na Thomas Wadden, waliwafuatilia wanawake 25 waliokuwa kwenye mpango wa kupunguza uzito. Baada ya mwaka mmoja, wale waliokuwa wakijiona kichwani wamekonda tayari na kusifiwa walikuwa wamepungua kilo 11 hivi pungufu ya wale waliowaza pia ugumu wa njiani. Waliokuwa na matarajio, yaani waliopima hali yao na kuamini wataweza, walifanya vizuri kuliko wenzao. Kwa hiyo kuota na kutarajia ni vitu viwili tofauti. Ndoto unaweza kuipata ukiwa umelala kitandani. Matarajio hujengwa na jambo ulilokwisha kulifanya, hata likiwa dogo.

Mwaka 2011 Oettingen na Heather Kappes walionyesha kwamba mtu akielea kwenye picha tamu ya mafanikio, hata presha ya damu hushuka. Mwili unatulia kama wa mtu aliyemaliza kazi. Sasa utazame usiku wako: unatoka dukani umechoka, unafungua simu, unaona banda la mtu mwingine limejaa trei za mayai, unajisikia vizuri, unalala. Ile raha ambayo ingekuja siku ya kuuza trei yako ya kwanza umeshaionja. Kesho hakuna kinachokusukuma.

Kuna na hilo jina la "Bosi wa Mayai". Peter Gollwitzer na wenzake waliandika mwaka 2009 kuhusu wanafunzi wa sheria walioeleza nia yao ya kuwa wanasheria wazuri. Wale ambao nia yao ilisomwa na mtu mwingine walijituma kidogo kuliko wale ambao nia yao haikusomwa na yeyote. Ukishatambuliwa kama mtu fulani, haraka ya kuwa mtu huyo inapungua. Kwako wewe tunaona madhara mengine, na kwa maoni yetu ndiyo makubwa zaidi: umetangaza 500. Sasa ukianza na 50 unaona kama umeshindwa mbele ya watu. Hatudhani kikwazo chako cha kwanza ni mtaji. Tunadhani ni aibu ya kuanza kidogo. Soma mahesabu haya kisha utuambie kama tumekosea.

Kuku wa mayai huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20. Kabla ya yai la kwanza atakuwa amekula kilo 7 na nusu hivi za chakula. Kuku 500 watakula kilo 3,750, sawa na mifuko 75 ya kilo 50, na wewe bado hujauza kitu. Tuseme mfuko ni shilingi 65,000 (weka bei ya duka lako): hiyo ni 4,875,000. Tuseme kifaranga ni 3,000: vifaranga 500 ni 1,500,000. Jumla ni 6,375,000, na hapo hatujagusa banda. Kwa kuku 5 kila mita moja ya mraba, unahitaji banda la mita za mraba 100. Una 900,000 na unaweka 80,000 kwa mwezi. Kufikia fedha ya vifaranga na chakula tu, itakuchukua miezi 68 na zaidi, yaani miaka mitano na miezi minane hivi. Kama umekuwa ukijiambia "mwezi ujao nitaanza", mwezi huo haukuwahi kuwepo kwenye hesabu. Video hazikukuonyesha hilo kwa sababu nyingi huanza pale kuku wanapotaga.

Sasa tupige ya kuku 50. Stoo ya mita 3 kwa 4 ina mita za mraba 12, kwa hiyo inawatosha na nafasi ya vyombo inabaki. Vifaranga ni 150,000. Chakula mpaka kutaga ni kilo 375, mifuko 8 kwa kukadiria juu, yaani 520,000. Halafu kuna pengo ambalo huwaumiza wengi: toka wiki ya 20 hadi ya 24 hivi kuku wameanza kutaga lakini hawajashika kasi, na kila mmoja anakula gramu 115 kwa siku. Kwa kuku 50 hizo ni kilo 5.75 kila siku, mifuko mitatu na zaidi katika wiki nne. Tenga 210,000. Jumla ni 880,000. Wewe una 900,000, na katika miezi sita hiyo utaongeza 480,000. Zinabaki laki tano za chanjo, maranda, mkaa, vyombo vya chakula na maji, na waya wa madirishani. Chakula hununui chote siku moja, kwa hiyo akiba ya kila mwezi inaingia kwa wakati wake. Inawezekana kuanza mwaka huu.

Baada ya hapo utapata nini? Kundi likitaga kwa asilimia 80, kuku 50 wanakupa mayai 40 kwa siku, trei moja na mayai 10. Tuseme unauza trei kwa jumla shilingi 8,000: unapata 10,660 hivi. Chakula cha siku ni 7,475. Inabaki 3,200 hivi kwa siku, kama 96,000 kwa mwezi kabla ya dawa na usafiri. Hutatajirika nayo. Lakini utakuwa umepata matarajio, kile ambacho wanawake waliofanya vizuri kwenye utafiti wa mwaka 1991 walikuwa nacho na wewe bado.

Kipimo kimoja ukiandike ukurasa wa kwanza wa daftari: gawa bei ya trei kwa bei ya kilo moja ya chakula. Kwa utagaji wa asilimia 80, trei moja inagharimu kilo 4.3 hivi za chakula. Jibu likiwa chini ya 4.3, kuku wanakula kuliko wanavyolipa. Likiwa chini ya 5, dawa na usafiri vitameza faida yote. Kwa bei tulizotumia hapa ni 6.15. Pima upya kila mwezi, kwa sababu bei ya mahindi ikipanda chakula hupanda nayo, na bei ya mayai haipandi siku hiyo hiyo.

Turudi kwenye kuota. Njia iliyotokana na utafiti wa Oettingen ina hatua nne, na mpangilio wake usiubadilishe: tamanio, matokeo, kikwazo, mpango. Ifanye kwa daftari na kalamu, simu ikiwa chumba kingine. Dakika 15 zinatosha.

Anza kwa kuandika tamanio moja la wiki nne zijazo. Usiandike "kuku 500". Andika, kwa mfano, "stoo imesafishwa na nimelipia vifaranga". Kisha dakika tatu hivi uote kweli kweli: utajisikiaje, mama atasemaje, mlango mpya wa waya utaonekanaje. Hapa usijibane, maana ndoto ndiyo inayokupa sababu ya kuhangaika. Ukimaliza, bila kusimama, jiulize ndani yako kuna nini kinachokuzuia. Tunasisitiza ndani yako. "Mtaji" na "serikali" vinaweza kuwa kweli, lakini havikupi la kufanya leo usiku. Kikwazo cha ndani kinasomeka hivi: "nikifika nyumbani nashika simu kabla ya kula", "naona haya kununua vifaranga 50", "naogopa watakufa". Kione kikitokea, mahali na saa yake. Hatua hii ndiyo wengi huiruka kwa kuwa inaharibu utamu, na ukiiruka umerudi kwenye kuota kwa zamani. Wapo pia wanaoanza na kikwazo halafu ndoto. Majaribio yameonyesha mpangilio huo hausaidii, maana kikwazo lazima kikae mbele ya kitu unachokitaka ndipo akili ikione kama kikwazo.

Hatua ya nne ni sentensi moja ya "ikiwa... basi...". Gollwitzer ndiye aliyeichunguza kwa kina, na mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya matokeo ya majaribio 94 wakakuta inasaidia kwa kiwango kinachoonekana wazi. Nguvu yake ipo kwenye "ikiwa": lazima liwe tukio unaloweza kuliona au kulisikia. "Ikiwa nitapata nafasi" haifai, kwa sababu nafasi haipigi hodi. "Ikiwa nimevua viatu mlangoni, basi nakaa mezani na daftari kabla ya kushika simu" inafaa. "Ikiwa rafiki ataniuliza kuku 500 wako wapi, basi nitamwambia naanza na 50 na tarehe ya vifaranga ni fulani" inafaa pia, na hiyo ya pili iandike leo, maana swali hilo litakuja. Kikwazo kimoja, sentensi moja. Ukijiandikia kumi kwa mpigo hutakumbuka hata moja.

Dada yako ana haki kuhusu kazi, ila anakosea kidogo anapokutaka uache picha yote kichwani. Mwaka 1999 Lien Pham na Shelley Taylor wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwapa wanafunzi zoezi la dakika chache kila siku kabla ya mtihani. Waliojiona kichwani wakisoma, wapo mahali fulani wameshika kitabu, walisoma zaidi na kupata alama za juu kuliko waliojiona wakifurahia alama. Kwa hiyo usiku kabla ya kulala, badala ya kuona trei zimepangwa, jione saa 11:30 alfajiri unamwaga maji machafu, unaosha chombo, unahesabu kuku. Hiyo nayo ni ndoto, lakini inakufundisha njia.

Kazi za wiki nne za kwanza ziwe hivi. Kila moja iishe na kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukiona au kukishika. "Kufanya utafiti" haina mwisho, kwa hiyo usiiandike.

Wiki ya kwanza ingia maduka matatu ya vyakula vya mifugo, uandike bei ya mfuko wa vifaranga, wa kukuzia na wa kutagia. Andika pia wapi vifaranga huagizwa na foleni ni wiki ngapi. Mara nyingi huuzwa kwa boksi la 100, kwa hiyo tafuta mfugaji wa kugawana naye.

Wiki ya pili tafuta wanunuzi, kabla hata ya kuku. Nenda kwa wauza chipsi watano na maduka matano ya mtaani. Muuza chipsi anatumia mayai kila jioni, na anachotaka ni mtu asiyekatika. Muulize anachukua trei ngapi kwa wiki, kwa bei gani, na anaudhiwa na nini kwa anayemletea sasa. Majibu yasipofika trei 9 au 10 kwa wiki, endelea kutafuta kabla hujatoa shilingi.

Wiki ya tatu muone afisa mifugo wa kata. Mpe tarehe unayotarajia vifaranga na umwombe akuandikie ratiba ya chanjo za mdondo, gumboro na ndui kwa eneo lenu. Ibandike ukutani. Mdondo ukiingia kwenye banda lisilochanjwa unaweza kuondoka na karibu kundi lote kwa siku chache, na hapo ndoto za wengi hufia.

Wiki ya nne ni ya stoo: kufagia, kuosha, kupiga chokaa, kuziba matundu ya panya, kuweka waya madirishani, kisha kulipia vifaranga. Kona ya kulelea iwe na joto la nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, ukipunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Ukitumia jiko la mkaa, hewa lazima itoke, kwani moshi usioonekana huua vifaranga na watu. Kama huna kipimajoto, vitazame vifaranga vyenyewe: vikirundikana karibu na moto vina baridi, vikikimbilia ukutani vina joto, vikitawanyika na kula viko sawa. Viwili au vitatu kati ya 50 vinaweza kufa hata ukijitahidi. Andika tarehe na sababu, uendelee.

Muda wako utazidi ulivyopanga, jiandae. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi nchini Kanada lini wangemaliza tasnifu zao. Wastani wa makadirio ulikuwa siku 34 hivi, na walimaliza kwa siku 55 na zaidi. Tunapokadiria tunaona mambo yakienda sawa, tunasahau mvua, msiba, homa na fundi asiyetokea. Zidisha kila tarehe yako kwa 1.6. Wiki nne hizi zikiwa sita na nusu, hujachelewa.

Kila Jumapili jioni andika namba mbili tu: saa ulizotumia kuangalia video, kuchora na kuzungumzia kuku, na saa ulizotumia kwenye kazi yenye matokeo ya kushika. Sasa hivi namba ya pili ni sifuri, na kwa wiki mbili za kwanza itoshe kuwa 2. Tunakushauri ufike mahali saa moja ya kuangalia inalipiwa na saa tatu za kazi. Video nayo uiendee na swali moja lililoandikwa, mfano jinsi ya kutundika chombo cha maji. Ukipata jibu, zima. Ukikosa siku moja usilianze daftari upya. Phillippa Lally na wenzake jijini London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga mazoea mapya, wakaona mazoea hukomaa kwa wastani wa siku 66, wengine siku 18 na wengine hata 254, na kukosa siku moja hakukubomoa kitu.

Kuna nyakati za kuota tu, bila zoezi lolote, na usizionee haya. Ukishalipia vifaranga na hakuna la kufanya ila kungoja, ndoto inakupa uvumilivu. Wakati wa kuchagua kati ya njia mbili nayo inafaa, kwa kuwa inakuonyesha moyo wako umelalia wapi. Inadhuru pale kazi ipo mezani na mikono yako iko huru.

Zoezi lile la hatua nne lina matokeo mengine ambayo watu hawaambiwi. Mtu anayeona kikwazo kinavukika hujituma zaidi, na anayeona hakivukiki hujiondoa, bila kujilaumu miaka mingi. Kwa hiyo usishangae kama baada ya majuma mawili utagundua kwamba unachopenda ni biashara yenyewe na si kuku, harufu yake na kuamka alfajiri kila siku hata Idi na Krismasi. Hapo unaruhusiwa kuiacha hii na kuielekeza akiba kwingine. Miaka mitatu ya video isiwe sababu ya kuongeza wa nne.

Ukiendelea, andika sasa hivi masharti ya kuongeza kundi, kabla furaha ya mayai haijaanza kukuamulia. Sisi tungeandika hivi: kufikia wiki ya 26, mayai yasipungue 38 kwa siku kwa majuma mawili mfululizo, vifo vyote visizidi 4, na wanunuzi wawili wachukue kila wiki bila kufuatwa. Yakitimia yote matatu, kundi linalofuata ni 100. Likikosekana moja, rekebisha hilo kwanza. Taa ni la kuangaliwa mapema: kuku anayetaga anahitaji mwanga wa saa 16 hivi, na mchana wetu ni wa saa 12 hivi, kwa hiyo utaongeza saa tatu au nne.

Kazi ya dukani usiiache. Kwa bei tulizotumia, kuku 300 wangekuachia kama 575,000 kwa mwezi kabla ya dawa na usafiri. Acha kazi pale faida halisi iliyoandikwa kwenye daftari imefikia mshahara wako miezi mitatu mfululizo, na chakula cha mwezi mmoja kipo stoo kimeshalipiwa.

Na kuhusu marafiki, chagua mmoja tu, anayeuliza "umefanya nini wiki hii?", umwonyeshe daftari kila Jumapili. Wengine watasikia mayai yakianza kuuzwa.

Neno moja hatukuliona kwenye barua yako: mama amekubali? Stoo ni yake, maji ni yake, harufu itamfikia yeye, na mchana wewe uko dukani, kwa hiyo yeye ndiye atakayeona kama chombo cha maji kimepinduka. Mwendee kabla ya maduka ya chakula. Mwambie ni kuku wangapi, kwa miezi mingapi, nani atasafisha siku gani, na yeye atapata nini kila wiki, fedha au mayai. Akikataa, mahesabu ya stoo hayapo tena, na ni afadhali ulijue hilo kabla hujalipia vifaranga.